Njaa Katikati ya Shibe: Safari ya Sukari Mwilini na Kazi ya Insulini



Katika likizo iliyopita tulikaa siku chache Kagunga, kijiji kilichoko kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma, kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Baada ya Misa ya Dominika, mama mmoja alitusubiri nje ya kanisa. "Mafrateri," alisema, "nyinyi mmesoma, naomba mnisaidie." Mwanaye wa kiume, kijana wa miaka 19, ana ugonjwa wa kisukari na huchoma sindano ya insulini kila siku.

Mama huyo alikuwa na maswali mawili. La kwanza: kama ugonjwa huu ni wa sukari kuwa nyingi, kwa nini kabla ya matibabu kijana wake alikuwa anakula kuliko wote nyumbani na bado akakonda mpaka mifupa ikaonekana? La pili lilikuwa zito zaidi. Watu wa kikundi cha sala walimwombea kijana, kisha wakamwambia kwamba amepona na kuwa kuendelea na sindano ni kukosa imani. Naye kijana mwenyewe alitaka kufunga Kwaresima. Je, aache sindano?

Sisi ni wanafunzi wa falsafa, si madaktari. Siku ile tulimjibu kwa kifupi: asiache, na arudi kwa daktari wake aulize. Lakini tulimwahidi kutafuta maelezo kamili, maana jibu la "usiache" bila sababu halishindani na sauti ya watu wengi wanaosema "acha". Makala hii ni kutimiza ahadi hiyo.

1. Sukari ya damu inatoka wapi?

Tukisikia neno "sukari" wengi wetu tunawaza sukari ya chai. Sukari inayozungumzwa hospitali ni glukosi, nayo hutoka katika vyakula vingi. Ugali wa muhogo, ugali wa mahindi, wali, ndizi, viazi na mihogo ya kuchemsha ni vyakula vya wanga. Tumboni na kwenye utumbo, wanga huvunjwavunjwa mpaka kuwa glukosi, kisha glukosi huingia katika damu. Hivyo mtu anaweza kunywa chai isiyo na sukari hata punje moja, halafu akala bonge kubwa la ugali, na sukari yake ikapanda sana. Dagaa na migebuka ya ziwa letu havina wanga, kwa hiyo vyenyewe haviipandishi sukari kama ugali unaoandamana navyo.

Glukosi si adui. Ni kuni za mwili. Misuli huitumia tunapolima na kuvuta nyavu, na ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Jambo la kushangaza ni kwamba katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, glukosi iliyomo kwa wakati mmoja ni kama gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtu hula wanga mara nyingi zaidi ya kiasi hicho katika mlo mmoja, lakini saa chache baadaye damu yake imerudi kwenye kijiko kile kile. Lazima kuwe na mpangaji, na mpangaji mkuu ni insulini.

2. Insulini inafanya kazi gani?

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Ndani yake kuna seli maalumu zinazopima kiasi cha glukosi katika damu. Glukosi ikipanda baada ya kula, seli hizo hutoa homoni ya insulini, nayo husambaa mwilini pamoja na damu.

Insulini hufanya kazi kubwa tatu. Kwanza, huziambia seli za misuli na za mafuta zifungue njia ili glukosi iingie. Pili, huliambia ini liweke akiba ya glukosi na liache kutengeneza nyingine. Tatu, huzuia mafuta na misuli ya mwili visivunjwe ovyo ili kutafuta nishati.

Tuchukue mfano wa pwani ya Kagunga. Boti imefika kutoka Kigoma mjini ikiwa imejaa unga. Nyumba zote kijijini zina njaa. Lakini siku hiyo wabeba mizigo hawakuja, na hakuna wa kushusha hata gunia moja. Boti ya pili inafika, na ya tatu. Ufuko umesongamana kwa unga, huku watoto wanalala bila kula. Mtu anayetazama kutoka ziwani atasema kijiji hiki kina chakula kupita kiasi. Aliye ndani ya nyumba atasema kuna njaa. Wote wawili wanasema kweli.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza la mama yetu. Damu ya kijana wake ilijaa glukosi, lakini seli zake zilikuwa na njaa. Kwa kuwa seli ziliona njaa, mwili ulianza kuvunja mafuta na misuli, ndiyo maana alikonda. Ini nalo, kwa kukosa sauti ya insulini, liliendelea kutengeneza glukosi na kuimwaga katika damu iliyokwisha kujaa. Kila sahani ya ugali aliyoongezewa kwa huruma iliongeza unga ufukoni, bila kufikisha hata kibaba nyumbani.

3. Aina za kisukari

Kuna aina kuu mbili, na kuzichanganya kumeleta ushauri mwingi mbaya.

Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili inazishambulia kimakosa zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka zinabaki chache sana au kwisha kabisa. Hutokea zaidi kwa watoto na vijana, ingawa mtu wa umri wowote anaweza kuupata. Hausababishwi na kula sukari, wala na uchawi, wala na dhambi ya wazazi. Mgonjwa huyu hawezi kuishi bila insulini. Kijana wa mama yetu ana aina hii.

Katika kisukari aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, insulini ipo lakini seli zimekuwa sugu kuisikia, na taratibu kongosho nalo linachoka. Unene, kutofanya mazoezi, umri na urithi wa ukoo vina mchango mkubwa. Wengi hutibiwa kwa kubadili chakula, mazoezi na vidonge, na baadhi huhitaji insulini baadaye. Pia kipo kisukari cha ujauzito, ambacho kinahitaji uangalizi kwa ajili ya mama na mtoto.

Kipimo ni tone la damu kwenye kidole. Kwa mtu aliyelala bila kula, glukosi ya 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha milimoli kwa lita) ni dalili ya kisukari, na kwa kawaida kipimo hurudiwa ili kuhakikisha. Kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi, 11.1 au zaidi saa yoyote ile inatosha kumtambua.

4. Maji yanapokimbia mwili

Wakazi wa Kagunga wanajua vizuri kuliko wengi maana ya mwili kukaukiwa maji. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijazana kwenye ufuko huo mdogo, na kipindupindu kikalipuka. Meli ya MV Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, iliwasafirisha wakimbizi hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Katika siku hizo watu waliona jinsi mgonjwa anavyoweza kufa kwa saa chache kwa kupoteza maji, na jinsi maji yenye chumvi na sukari yanavyookoa.

Hapo sukari ilikuwa dawa. Kwenye utumbo, glukosi na chumvi huingia mwilini kwa pamoja na kuvuta maji nyuma yake. Kwenye kisukari kisichotibiwa hutokea kinyume chake, na mahali pake ni kwenye figo. Kwa kawaida figo huirudisha glukosi yote katika damu. Lakini damu ikizidi kiwango cha karibu 10, figo hushindwa kuirudisha yote. Glukosi humwagika katika mkojo na kuondoka na maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa anakojoa mara nyingi usiku na mchana, anapata kiu isiyokatika, anakonda na kuchoka.

Tatizo likiendelea bila insulini, mafuta yanayovunjwa kwa wingi huzaa vitu vinavyoitwa ketoni, ambavyo huifanya damu kuwa na asidi. Mgonjwa hutapika, huumwa tumbo, huhema kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake inaweza kunuka kama matunda yaliyoiva sana. Baadaye fahamu hupotea. Hali hii huua.

Hapa tunaomba wazazi na makatekista wasikilize kwa makini, kwa sababu hali hii hudhaniwa kuwa malaria, ugonjwa wa tumbo, au pepo. Tofauti moja inasaidia: mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa maji huharisha sana na mkojo wake hupungua, lakini mgonjwa wa kisukari huweza kukauka midomo huku bado anakojoa sana. Mtoto anayetapika na kuhema kwa kina, aliyekuwa na kiu na kukojoa sana kwa siku au wiki kadhaa, apimwe sukari mara moja. Kwa Kagunga, ambako kwa miaka mingi njia kuu ya kufika hospitali kubwa imekuwa ziwa, familia isingoje kesho. Boti itafutwe leo.

5. Kabla ya insulini

Ili tuelewe sindano hiyo ni nini, tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza alikuwa na hukumu ya kifo. Madaktari waliweza tu kumpunguzia chakula mpaka karibu na njaa kamili, ili kumwongezea miezi au mwaka mmoja au zaidi kidogo.

Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walifaulu kupata insulini kutoka kwenye kongosho za wanyama. James Collip aliisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi na haikufaulu vizuri. Tarehe 23 Januari alipewa iliyosafishwa, sukari yake ikashuka, na nguvu zikamrudia. Aliishi miaka 13 zaidi.

Wagunduzi waliikabidhi hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa iwafikie wagonjwa. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting.

6. Sindano na imani

Sasa tufike kwenye swali la pili. Kwanza tueleze jambo moja la kitabibu ambalo huenda liliwachanganya wanakikundi wale. Kwa baadhi ya wagonjwa wa aina ya kwanza, wiki au miezi ya mwanzo baada ya kuanza insulini, seli chache za kongosho zilizobaki hupumzika na kufanya kazi tena kwa muda. Sukari hutulia na dozi ya sindano hupungua. Mgonjwa hujisikia kama amepona. Lakini kipindi hicho hupita, na anayeacha sindano hapo hujiweka katika hatari kubwa.

Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba jambo kutokea baada ya jingine si uthibitisho kuwa la kwanza limesababisha la pili. Kijana aliombewa na kijana alichoma sindano, wiki hiyo hiyo. Akijisikia vizuri, kwa haki gani tunasema sindano haikuhusika? Kusema hivyo hakumpunguzii Mungu utukufu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba na ndiye aliyeweka dawa katika ardhi. Sura hiyo hiyo inamwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Maandiko hayakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mpako wa Wagonjwa nao haujawahi kuwa amri ya kutupa dawa.

Je, Mungu hawezi kuponya kwa muujiza? Anaweza. Lakini tukumbuke wale wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Bwana aliwaambia waende kujionyesha kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliothibitisha kwamba mtu amepona. Anayeamini ameponywa kisukari naye akajionyeshe kwa daktari, apimwe, na daktari ndiye aseme kama dozi inapunguzwa. Imani ya kweli haiogopi kipimo.

7. Je, mgonjwa wa kisukari afunge?

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, Kanuni ya 1252, unawafunga kwa sheria ya mfungo watu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Kijana wetu ana miaka 19, kwa hiyo alidhani hana budi. Lakini Kanisa limefundisha daima kwamba mgonjwa ambaye mfungo ungemdhuru hafungwi na sheria hiyo. Kuhusu Ekaristi Takatifu, Kanuni ya 919 inadai mfungo wa saa moja kabla ya kukomunika, lakini maji na dawa haviuvunji, na wazee na wagonjwa pamoja na wanaowahudumia wanaweza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Mgonjwa aliyekula kipande cha ndizi kwa sababu sukari imeshuka asikae kwenye benchi kwa aibu wengine wanapokwenda kukomunika.

Wengine huuliza: kama siku hiyo hali chochote, sindano ya nini? Tukumbuke kazi ya ini. Hata mtu asipokula, ini lake linatengeneza glukosi, na bila insulini mafuta yanavunjwa na ketoni zinazaliwa. Kwa hiyo mgonjwa wa aina ya kwanza anahitaji insulini hata siku ambayo hakula, ingawa dozi inaweza kubadilishwa na daktari.

Ipo hatari ya upande wa pili pia. Akichoma dozi ya kawaida na kukaa njaa, sukari hushuka mno. Ubongo hauna akiba ya maana ya glukosi, hutegemea ile ya damu. Chini ya 4, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, huongea ovyo au huonekana kama mlevi. Akiwa bado ana fahamu, apewe haraka vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, na sukari ikishapanda ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu, maana kitampalia. Alazwe ubavu na apelekwe kituo cha afya upesi.

Kijana anayetaka kujinyima kwa ajili ya Kristo ana mengi ya kujinyima. Aache nyama Ijumaa, dagaa zipo. Aache pombe, aache masengenyo, apunguze simu, amtembelee mgonjwa mwingine. Kuchoma sindano kila siku kwa saa ile ile bila manung'uniko nako ni mfungo mgumu kuliko wengi wetu tunavyofunga.

8. Kutunza insulini pasipo jokofu

Mama yetu alitaja pia hofu ya joto. Chupa ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, nayo isigande. Iliyofunguliwa kwa kawaida inaweza kukaa nje ya jokofu takriban wiki nne mahali pa baridi kiasi. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliozingatia joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya. Walikuta kwamba insulini walizozipima zilibaki na nguvu yake kwa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hii inawapa matumaini watu wa vijiji visivyo na jokofu. Hata hivyo, fuata maelekezo ya dawa yako na ya kituo chako. Chupa ifungwe vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji, iwekwe kwenye chombo ndani ya mtungi wa udongo wenye ubaridi, mbali na jua na jiko. Kabla ya kusafiri ziwani, chukua dozi za ziada, kwa sababu upepo ukichafuka boti haziondoki.

Hitimisho

Mama mpendwa wa Kagunga, kijana wako alikonda kwa sababu chakula kilifika katika damu lakini hakikuingia mwilini. Insulini anayochoma ndiyo inayokishusha na kukifikisha nyumbani. Asiiache kwa ajili ya mfungo, wala kwa sababu ya kuombewa. Kikundi cha sala kiendelee kumwombea, na kama kina upendo, kimchangie nauli ya boti ya kwenda kliniki. Nasi tunamkumbuka katika sala zetu hapa seminarini.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.